Mlango wa Benita

Watu wa Butembo wana ugonjwa wao, na mimi nawasema mbele yao wala sinong'oni: hawawezi kuona faida imelala nje wakaenda kulala ndani. Mnande, ndivyo wanavyoitwa, atasimama sokoni mvua ikimnyeshea, mradi jirani yake hajafunga meza. Masika ni Mnande kabisa, kwa baba na kwa mama. Mimi Denise ni Mshi wa Bukavu, na kwa miaka tisa tumegawana chumba kimoja cha kazi huku Johannesburg, mtaa wa Bertrams, yeye na cherehani yake upande wa dirisha, mimi na viti vyangu vya kusukia nywele upande wa mlango. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Niliyaona, na mengine niliyagombea mpaka sauti ikanikauka.

Masika ni mwanamke mfupi asiyesema sana. Anashona sare za kwaya na nguo za harusi, na kila Jumatatu anapokea suruali za walinzi zilizopasuka. Ukimpunja ananyamaza, halafu safari ijayo bei yako imepanda na hakuna maelezo. Mumewe alibaki Congo akaoa mwingine. Hilo alinieleza mara moja tu, pini zikiwa mdomoni, na sikumwuliza tena. Aliingia Johannesburg na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye Benita, ambaye sasa ana miaka kumi na sita na amempita mama yake kwa kimo.

Wanakaa Berea, ghorofa ya saba, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hawajahamia. Mwenye kukodi fleti ile ni mwingine. Yeye ameikata sebule kwa mapazia, kila kipande amempangisha mtu wake. Kipande cha Masika kina kitanda kimoja wanacholala wote wawili, masanduku, jiko la umeme la sahani moja, na pazia zito alilolishona mwenyewe, pindo mbili, kazi safi. Lakini pazia ni pazia. Huwezi kulibishia hodi. Watu wa fleti ile wana desturi yao: ukitaka kupita karibu na pazia la mwenzako, unakohoa kwanza ili ajisitiri. Benita amekua akikoholewa.

Mwanzoni mwa mwaka, mama mmoja Mrundi aliyekuwa upande wa pili wa pazia alihama, akaingia kijana anaitwa Cédric, mlinzi wa duka. Nisimsingizie mtoto wa watu. Hakumgusa Benita, hakumtupia neno baya, na tunasali kanisa moja. Ila alikuwa mtu wa kusahau kukohoa. Alitoka zamu asubuhi, saa ileile Benita anavaa kwenda shule, na taa ikiwaka kivuli cha mtu kinaonekana kwenye kitambaa. Benita akaanza kuvaa sare yake chini ya blanketi. Akaanza kulala na jinzi. Masika aliponieleza hayo alikata kitambaa nje ya mstari wa chaki, na mimi sijawahi kuona Masika akikosea mkato.

Nikamwambia hama leo, tafuta chumba chenye mlango, kodi utaipata. Akasema chumba cha kupanga kingekula akiba, na bado mlango ungekuwa wa mtu. Alitaka mlango wao. Eish, hapo alikuwa na haki yake.

Benita mwenyewe hakuwa msemaji. Kiswahili anakisikia chote lakini anakujibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu tupu. Siku moja alikaa kwenye kiti changu, namsuka, akamwambia mama yake kwenye kioo kwamba hataki simu tena wala viatu, anataka mlango tu. Masika alikuwa ameinamia gauni. Akajibu kama alivyomjibu tangu akiwa mdogo, kwa viatu, kwa safari za shule, kwa kila kitu: ngoja, mwanangu.

Sasa hiyo akiba. Zamani ilikuwa chini ya godoro, ikaibiwa. Baada ya hapo Masika alikutana na Kiplagat, Mkenya, mweka hazina wa kanisa letu, ambaye siku za kazi yuko Marshalltown kwenye ofisi ya kampuni inayotunza mifuko ya uwekezaji. Kiplagat ni mtu wa shati lililopigwa pasi hata Jumamosi, lakini hana makuu. Alimkalisha chini akamweleza: watu wengi wanachanga, mfuko unanunua hisa za makampuni, na kila mtu anapewa vipande vyake kwa kadiri ya alichoweka. Bei ya kipande inapanda na kushuka. Na mara mbili kwa mwaka mfuko unagawa faida iliyopatikana, ndiyo inaitwa gawio. Masika alilisikia hilo neno gawio akalipenda kama mtu anavyopenda jina la mtoto. Kila mwezi akawa anapeleka chake kidogo. Alikula ugali na mboga za majani mpaka Benita akawa anakuja kula kwangu.

Mwezi wa tano mlango ukatokea. Wairimu, Mkenya mwingine, mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa na fleti ndogo hapahapa Bertrams, vyumba viwili, si mbali na uwanja wa Ellis Park. Jengo safi, hati zake safi, hakuna wahuni waliolivamia. Alikuwa amepata kazi Nairobi. Masika ndiye aliyemshonea gauni la harusi, na Wairimu hajasahau kwamba lile gauni lilimficha mimba mbele ya wakwe zake, basi akampa bei ya undugu. Bei ile Johannesburg hii huipati ukitafuta kwa tochi. Wakakubaliana pesa ifike kwa wakili katikati ya mwezi wa saba, kwa sababu mwezi wa nane Wairimu lazima awe kazini kwake.

Tulimpeleka Benita kuiona. Akaingia chumba kidogo, akafunga mlango, akafungua, akafunga tena. Sisi watatu tukabaki kwenye korido, Wairimu akiwa na funguo mkononi. Mtoto hakutoka. Nilitaka kumwita, Masika akanishika mkono akasema mwache. Nikamtazama, alikuwa anatabasamu peke yake, na Masika hatabasamu bila sababu.

Wiki hiyohiyo Kiplagat alileta suruali ipunguzwe, akasikia habari ya fleti, akakaa kwenye kiti cha mteja wangu bila kuombwa. Akamwambia Masika ahamishe pesa sasa hivi. Itoke kwenye mfuko wa hisa, iingie kwenye mfuko mtulivu, ule wa fedha za karibu, ambao haupandi wala haushuki na ukitaka chako unatoa upesi. Akaeleza kwamba kuuza vipande si kama kuuza nyanya. Leo unatoa agizo, bei inakatwa, halafu zinapita siku kadhaa za kazi mpaka waliouza na walionunua wapeane kila mtu haki yake. Ndipo mfuko wa pili unapokea. Kutoka hapo kwenda benki ni safari nyingine. Pesa inayohama, akasema, haiko ilikotoka wala haijafika inakokwenda, na huko njiani hata rais hawezi kuigusa.

Masika akauliza swali moja tu: gawio ni lini?

Kiplagat akasema daftari la mfuko linafungwa siku ya mwisho ya mwezi wa sita. Atakayekutwa na vipande siku hiyo ndiye mwenye gawio. Nilimwona Masika akiondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, nikajua kazi imekwisha.

"Huuzi mbuzi mwenye mimba mwezi wa kuzaa," akasema.

Kiplagat alicheka. Ni mtoto wa wafugaji, mbuzi anawajua. "Mama Benita, mnunuzi naye ana macho. Lile tumbo analiona na analilipia. Ukingoja azae utapata kitoto, sawa, lakini yule mama utamuuza bei ya mbuzi mtupu. Siku gawio linapotoka, bei ya kipande inashuka kwa kiasi hichohicho. Jumla ni ileile."

"Na kitoto anakwenda kwa nani? Kwa mtu ambaye hakumlisha hata siku moja?"

Hilo halikuwa swali la hesabu. Kiplagat akajaribu tena kwa njia nyingine, akachora kwa kidole juu ya meza, hii pesa yako, hii gawio, ukiunganisha unapata hii. Masika akamtazama kwa adabu zote, akampimia suruali, akamwambia aje aichukue Alhamisi. Kichwani kwake alishaona: watu wa ofisi wanataka auze kabla ya mavuno ili wavune wao.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Huku baridi inapita kwenye mifupa, na Masika alikuwa anashona na blanketi magotini. Tuligombana karibu kila siku. Nilimwambia ngojangoja huumiza matumbo, yeye akanijibu subira huvuta heri, nikamwambia hiyo heri unaivutia nani, mtoto analala na jinzi. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakumwambia Kiplagat. Gawio lile alikuwa ameshalipangia. Ni kitanda cha Benita. Kitanda chake peke yake, cha mbao, chenye droo chini, alichokiona dukani na kurudi kukitazama mara kadhaa. Fleti bila kitanda, akasema, mtoto ataingia kwenye chumba chake alale chini kama mkimbizi. Nikamjibu kwamba sisi ni wakimbizi. Akasema, "Mimi na wewe, Denise. Yeye hapana."

Ukisema na mtu wa namna hiyo utasema nini? Nilichukua kitana changu nikarudi kwenye nywele za watu.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo Kiplagat hakulijua, na sisi tulilijua mno mpaka hatukuliona. Sisi tunaishi kwa karatasi ya kuomba hifadhi. Karatasi ina tarehe. Tarehe ikipita kabla hujapata mpya, benki inafunga akaunti yako, huweki wala hutoi, mpaka uwapelekee nyingine. Hawakuchukii, ndiyo kanuni yao. Kila mtu wetu anaijua tarehe ya karatasi yake kuliko sikukuu ya kuzaliwa mwanawe. Ya Masika ilikuwa inakwisha mwezi wa saba, wiki ya pili. Angeweza kuomba mpya mapema. Lakini aliamini kwamba ukipewa mpya kabla ya wakati zile siku zilizobaki kwenye ya zamani zinapotea bure, na Mnande hatupi hata siku ya karatasi. Alipiga hesabu zake kwamba kabla ya tarehe hiyo pesa itakuwa imeshapita benki na kufika kwa wakili. Kiplagat yeye ana kibali cha kazi cha miaka, karatasi yake haimwamshi usingizini. Hakuwaza kuuliza, na Masika hakuwaza kusema.

Daftari likafungwa, gawio likatangazwa. Asubuhi ya kwanza ya kazi ya mwezi wa saba Masika akafungua simu kutazama bei ya kipande. Imeshuka. Akaniachia wateja wake, akapanda teksi mpaka Marshalltown, na huko, Kiplagat ndiye aliyenieleza, akasimama mapokezi akasema kwa sauti tulivu kwamba ameibiwa. Kiplagat akashuka. Akamwonyesha: kilichopungua kwenye bei ndicho kilichotoka kama gawio. Mbuzi amezaa, Mama. Masika hakukubali. Akataka aitwe mkubwa wa pale, mkubwa akaja akaeleza yaleyale kwa Kiingereza, Masika akataka yaandikwe, yakaandikwa. Alipotosheka na kutoa agizo la kuhamisha, saa ya kupokea maagizo ya siku hiyo ilikuwa imepita. Likahesabiwa la kesho yake.

Hapo bado palikuwa na nafasi. Kiplagat alimwambia basi, sasa usipitie tena mfuko mtulivu, toa moja kwa moja kwenda benki. Masika akauliza benki inalipa riba gani kwa zile siku za kungojea wakili. Haya. Mfuko mtulivu unalipa riba ya kila siku, kidogo lakini ipo. Akachagua mfuko mtulivu. Kiplagat aliniapia kwamba alimsihi. Namwamini, maana mimi ninamjua Masika.

Pesa ikaingia njiani. Ilitoka kwenye hisa, na kwa siku zile haikuwa kokote. Masika alikuwa anafungua simu kila akimaliza mshono, upande mmoja sifuri, upande wa pili sifuri. Kazi ya miaka yote ile, ugali wote ule na mboga, sifuri na sifuri. Alikuwa hali chakula. Wikiendi ikaingia katikati, na wikiendi mifuko haifanyi kazi. Pesa ikaonekana kwenye mfuko mtulivu, akashukuru Mungu kwa sauti mpaka wateja wakaitikia amina, akatoa agizo iende benki. Nayo ikachukua siku zake.

Tarehe ya karatasi haikungoja. Ilipita pesa ikiwa bado njiani.

Asubuhi moja simu yake ililia ujumbe, akausoma, akanipa niusome mimi. Akaunti imefungwa. Malipo yaliyokuja yamekataliwa, yanarudi yalikotoka. Akavaa koti akaenda kusimama kwenye foleni ya benki, na mimi nikafunga saluni nikamfuata, nikaacha mama mmoja kichwa kimesukwa nusu. Binti wa dirishani alikuwa na adabu, hilo nalisema. Alisema alete karatasi mpya, akaunti itafunguliwa palepale. Masika alikuwa ameshaomba mpya kwa mtandao usiku ule tarehe ilipopita, lakini majibu hayaji kwa kuitwa. Nikampigia Kiplagat nikamwambia pesa walipe kwenye akaunti yangu, karatasi yangu bado ina miezi. Akasema haiwezekani, pesa ya mfuko inalipwa kwa mwenyewe tu, kwa jina lake. Nikasema walipe kwa wakili. Hivyohivyo. Kanuni hiyo imewekwa ili watu wasiibiwe, akasema, na nikasikia sauti yake imeinama. "Mama Denise, kwa nini hakuniambia habari ya karatasi? Mwezi wa tano hii pesa ingepita bila mtu kuishika."

Nilikuwa namtazama Masika amekaa kwenye ngazi za benki, koti limemzidi, anafunga na kufungua kifungo kimoja.

Wairimu alingoja. Nisimtie doa. Aliongeza wiki moja juu ya makubaliano, na juu ya hiyo siku nyingine, na mumewe anampigia kutoka Nairobi kila jioni. Halafu akaja dukani kwetu mwenyewe. Angeweza kupiga simu, lakini alikuja. Alikataa kukaa.

"Mama Benita, nimekungoja," akasema. "Nimeshindwa. Kuna mtu anayo pesa mkononi."

Masika hakuomba. Alikuwa na gauni la mtoto kwenye cherehani, akakata uzi, akalikunja. "Uza, mama," akasema. "Hata mimi ningeuza."

Wairimu akalia, akamkumbatia, akaenda zake. Masika akarudi kukaa, akaanza kukanyaga cherehani. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka na chini yake hakuna kitambaa. Nilimwacha kidogo, halafu nikashindwa. Nilimwambia mtaka yote hukosa yote. Nilimwambia kitoto cha mbuzi kimemla mbuzi na mchungaji. Niliyasema mbele ya wateja, na nilikuwa nalia huku nayasema, kwa sababu nampenda huyu mwanamke na alikuwa ananiudhi.

Benita alikuja jioni ileile kutoka shule, begi begani. Mama yake akamweleza yote, moja moja, bila kujificha nyuma ya kitu. Mtoto alisikiliza amesimama. Aliuliza kwa Kiingereza kama mama yake alijua karatasi inakwisha. Masika akasema alijua. Benita akauliza, basi yeye alikuwa anangojeshwa nini muda wote ule.

"Kitanda chako," akasema Masika.

Benita akamtazama mama yake kama mtu anayesoma kibao cha barabara asiyoijua. Akachukua begi akatoka. Tangu siku hiyo hakusema naye. Si kwa matusi wala kwa kununa, hapana, alifua, alipika, alimwekea chakula. Ila hakusema. Mle ndani ya pazia, kitanda kimoja, watu wawili, na mmoja amevaa jinzi.

Karatasi mpya ilitoka mwezi wa nane, Wairimu akiwa ameshafika kwao. Akaunti ikafunguliwa palepale kama binti wa benki alivyosema. Na pesa yote ilikuwapo. Hiyo ndiyo inayoniudhi mpaka leo: hata senti haikupotea. Ukiweka gawio juu ya bei iliyoshuka unapata ileile ya mwezi wa tano, na riba kidogo ya kununulia mkate. Kiplagat alisema kweli mwanzo hadi mwisho. Kungoja kote kule hakukuongeza kitu, na wala hakukupunguza, ila fleti. Tumetafuta nyingine. Za bei ile ziko kwenye majengo ambayo maji yamekatwa na mwenyewe hajulikani. Nzuri zimempita mbali.

Gawio lenyewe Masika alikuwa amelisahau. Kiplagat ndiye aliyemkumbusha baada ya ibada. Lilikuwa limeingia kwenye mfuko wa hisa aliokwisha kuuacha, limekaa huko peke yake kwenye nyumba tupu. Akamwuliza alihamishie kwenye ile pesa nyingine, au aliache lizae. Nilikuwa karibu, nikamtazama Masika mdomoni kama unavyomtazama mlevi aliyepewa glasi. Hakuuliza riba. Hakuuliza bei ya kipande. Alisema alitoe, leo, na kama leo haiwezekani basi siku ya kwanza inayowezekana.

Nilidhani atanunua kile kitanda. Badala yake akaenda kwa mwenye kukodi fleti, akamlipa kodi ya mbele ili akubali kipande chao kizibwe kwa mbao, kisha akamtafuta fundi seremala wa kwetu, wa Uvira. Jumamosi mchana wakapandisha mbao kwa ngazi mpaka ghorofa ya saba. Cédric alijitolea kubeba fremu. Aliibeba mabegani peke yake bila kupokezana, uso umemwiva, na vumbi la mbao likampalia akawa anakohoa kila ngazi. Nikamwambia, ndugu yangu, leo ndiyo umejua kukohoa. Hakucheka. Alisema, "Nisamehe, mama," na sikujua ananiomba mimi au nani.

Seremala aliziba kuanzia sakafu mpaka dari. Pazia likashushwa, Masika akalikunja vizuri. Mlango ukatiwa, mbao nyembamba tu, bado haujapakwa rangi, lakini una bawaba na kitasa na kufuli lenye funguo. Benita alikuwa amesimama jikoni muda wote, mikono kwenye mifuko ya jinzi. Fundi alipomaliza akampa Masika funguo. Masika hakuufunga wala hakuujaribu. Alivuka ile sebule iliyokatwakatwa akamwekea mtoto funguo mkononi, akarudi nyuma.

Benita akaingia. Akafunga. Tukasikia funguo ikizunguka.

Tukabaki nje, mimi na Masika na fundi anayefagia. Kitanda kiko ndani, masanduku yako ndani, koti lake liko ndani. Muda ukapita. Fundi akamaliza kufagia. Masika akasogea mlangoni, akainua mkono, akausitisha hewani kama mtu asiyejua mlango unapigwa mahali gani. Miaka kumi na sita hajawahi kumbishia mwanawe hodi. Akagonga taratibu, kwa kifundo cha kidole kimoja.

"Hodi," akasema.

Akagonga tena.

"Hodi, mwanangu."

Tukasikia kitanda kikilia, mtu anaketi au anainuka. Halafu sauti ya Benita ikatoka nyuma ya ubao, karibu kabisa, na haikuwa ya Kiingereza.

"Ngoja," akasema.

Masika akavuta sanduku la vifaa la seremala, akaketi juu yake, akangoja.